Late ya matunda, ya moto na ya barafu: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Malalamiko kuhusu late za matunda (late ni espreso iliyotiwa maziwa mengi) zenye ladha ya kitindamlo, zile zinazoiga keki ya jibini ya stroberi, pai ya tufaha au keki ya bluberi, hujirudia sana. Maziwa yamekatika. Ya barafu imekuwa maji. Tunda halisikiki. Rangi imegeuka kijivu. Mengi chanzo chake ni kimoja: mtu ana kipimo kinachomfaa kwa kikombe cha moto, kisha anakimimina juu ya barafu bila kubadili chochote, au anafanya kinyume chake. Hivi ni vinywaji viwili. Vinatumia viungo vilevile, lakini joto hubadili utamu, harufu, uzito na hata tabia ya maziwa, kwa hiyo kila kimoja kinataka kipimo chake na mpangilio wake wa kumimina.

Kabla ya kutafuta kosa, uwe na kipimo cha kuanzia. Kwa kikombe cha moto ninapendekeza espreso, yaani kahawa nzito inayokamuliwa na mashine kwa shinikizo, ya gramu 36 iliyotoka kwenye gramu 18 za kahawa ya kusaga ndani ya sekunde 25 hadi 30, maziwa mililita 180, na shira ya tunda mililita 20. Kwa glasi ya barafu tumia espreso ileile, maziwa mililita 120 tu, shira mililita 25, na barafu gramu 150 au zaidi. Shira ninayosema hapa ni matunda na sukari kwa uzito sawa, yamechemshwa taratibu mpaka yakalainika, kisha yakachujwa. Asiye na mashine ya espreso anaweza kutumia birika la moka, lile la jikoni ambalo mvuke husukuma maji yapite kwenye kahawa, au kahawa yoyote iliyopikwa nzito. Kahawa nyepesi haifai, kwa sababu itamezwa na maziwa na sukari.

Dalili: maziwa yanakatika

Unaona punje nyeupe zinaelea na chini yake majimaji ya rangi ya kahawa. Kwenye ya moto hutokea papo hapo. Kwenye ya barafu huchelewa: dakika kadhaa baadaye chembe ndogo zinaanza kung'ang'ania ukuta wa glasi.

Sababu inayoongoza ni asidi ya tunda kukutana na maziwa yenye joto. Maziwa mabichi ya ng'ombe yana pH ya 6.6 hivi (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka). Kaseini, protini yake kuu, hushikana na kuganda pH ikishuka karibu na 4.6, lakini maziwa yakiwa moto huanza kukatika mapema zaidi, kabla ya kufika huko. Espreso nayo ina asidi yake, pH 5 au karibu. Stroberi, rasiberi na bluberi ziko kati ya 3 na 4, na limau ni kali kuliko zote hizo. Kwa hiyo maziwa yanashambuliwa na kahawa na tunda kwa pamoja, huku joto likisaidia.

Sababu ya pili ni maziwa yaliyoanza kuzeeka. Bado yananukia vizuri yakiwa baridi, lakini bakteria wameshaanza kutengeneza asidi, na joto linafichua siri hiyo. Ya tatu ni maziwa ya mimea. Maziwa ya soya hukatika kirahisi kwenye kahawa ya moto. Ya oti (oats) huvumilia zaidi kwa kuwa protini yake ni kidogo. Ya nne, isiyotajwa sana, ni matunda mabichi yenye vimeng'enya vinavyokata protini: nanasi, papai na kiwi.

Anza na ukaguzi mwepesi. Pasha maziwa peke yake. Yakikatika yenyewe, kosa ni la maziwa, yamwage. Yakibaki salama, mimina kwenye espreso isiyo na shira. Yakikatika hapo, kahawa ina asidi nyingi kwa maziwa hayo: jaribu kahawa iliyokaangwa zaidi, au badilisha aina ya maziwa. Yakipita mtihani wa kahawa, mshitakiwa ni tunda.

Tunda likithibitika, anza kwa kushusha joto. Maziwa ya nyuzi 55 hadi 60 yanatosha kabisa kwa late ya matunda. Kufika 70 ni kutafuta matatizo. Kisha achana na juisi, tumia shira iliyopikwa, kwa sababu unahitaji kiasi kidogo zaidi kupata ladha ileile. Changanya shira na espreso kwanza, halafu mimina maziwa taratibu huku ukikoroga, badala ya kudondosha shira kali katikati ya maziwa ya moto. Maziwa yenye mafuta kamili, au yaliyoongezwa krimu kidogo, huvumilia kuliko yaliyoondolewa mafuta. Kwa limau na pasheni, ambazo ni kali mno, ushauri wangu ni kuacha juisi yake kabisa kwenye ya moto. Kwaruza ganda la nje la limau, liloweke kwenye shira ya sukari ikiwa moto, chuja. Unapata harufu yote na asidi karibu hakuna.

Wapo wanaotia baking soda. Inafanya kazi, lakini iwe chembe tu inayoshikwa na ncha za vidole viwili, tena kwenye shira, wala si kwenye kikombe. Ikizidi kidogo inaacha ladha ya sabuni, na rangi ya matunda mekundu inaharibika. Nitalirudia hilo kwenye dalili ya rangi.

Kwenye ya barafu mambo ni rahisi zaidi. Maziwa baridi huvumilia asidi, mradi espreso ya moto isiyafikie moja kwa moja. Mimina espreso juu ya barafu, ipoe, ndipo maziwa yaingie. Ukifanya hivyo hata vipande vya stroberi halisi vitakaa bila kuleta vurugu, ilimradi kinywaji kinywewe mara moja.

Nanasi, papai na kiwi zina sheria yao. Vimeng'enya vyake havijali kama kinywaji ni baridi. Vitaendelea kukata protini polepole, na kinywaji kitakuwa kichungu hata kabla hujaona punje. Kugandisha tunda hakuviui. Kupika kunaviua: chemsha nanasi au kiwi dakika kadhaa, na papai lipikwe zaidi kwa kuwa kimeng'enya chake ni kigumu. Nanasi la kopo limeshapashwa moto kiwandani, kwa hiyo halina tatizo hili.

Simama hapa: kama maziwa yana uchachu mdomoni, harufu isiyo ya kawaida, au yamekaa nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, usijaribu kuyaokoa kwa kuchuja wala kwa kuongeza sukari.

Dalili: ya barafu imekuwa majimaji

Hii ndiyo inayoongoza upande wa baridi, na sababu yake kubwa ina hesabu ndogo. Kuyeyusha gramu moja ya barafu kunahitaji joto lilelile linalotolewa na gramu moja ya maji yakishuka kutoka nyuzi 80 hadi 0. Maana yake, espreso ya gramu 36 inayotua kwenye barafu ikiwa karibu na nyuzi 80 inaweza kuyeyusha barafu inayokaribia uzito wake yenyewe. Kahawa yako imeongezwa maji maradufu kabla maziwa hayajaingia. Halafu mtu anatia mililita 180 za maziwa kama kwenye ya moto, na anashangaa.

Kwa hiyo angalia kwanza maziwa. Yapunguze hadi kile kipimo cha 120. Pili, angalia barafu yenyewe. Barafu ndogo iliyokaa nje na kulowa inaingia na maji yake tayari; itoe kwenye jokofu wakati wa kumimina. Vipande vikubwa huyeyuka polepole. Tatu, usiogope kujaza glasi. Watu hupunguza barafu wakidhani ndiyo inayoleta maji, kumbe barafu chache huisha zote na kinywaji kinabaki vuguvugu na chepesi. Barafu nyingi hukipoza haraka, na kikishapoa kuyeyuka kunapungua.

Isipotosha, poza espreso kwanza: weka chombo chake ndani ya bakuli la maji ya barafu kwa dakika mbili, baada ya kuikoroga na shira. Njia nyingine ni kugandisha kahawa au maziwa yenyewe katika vipande. Vipande vya kahawa vinafaa zaidi kwa late za matunda meusi kama bluberi. Kwa stroberi na pichi vinafunika tunda, na mimi ningetumia vya maziwa.

Ukitumia matunda yaliyosagwa badala ya shira, kumbuka stroberi kwa sehemu kubwa ni maji. Sagio hilo lipike lipungue kwanza.

Dalili: tunda halisikiki, au utamu umezidi

Nimeziweka pamoja kwa sababu mara nyingi ni kosa moja linaloonekana kutoka pande mbili. Ulimi husikia utamu hafifu kinywaji kikiwa baridi. Ndani ya seli za ladha kuna mlango unaoitwa TRPM5 ambao hufunguka zaidi joto linapopanda kutoka nyuzi 15 kwenda 35, na utamu ni miongoni mwa ladha zinazoutegemea. Harufu nayo, ambayo ndiyo inayotofautisha stroberi na rasiberi, hupaa kidogo kwenye kinywaji baridi. Shira ya mililita 20 inayotosha kwenye moto itaonekana haba kwenye barafu. Na aliyezoea kipimo cha barafu akitengeneza ya moto atapata kikombe kinachokera kwa sukari, hasa kinapopoa na kuwa vuguvugu. Ndiyo maana usihukumu late ya moto kwa funda la kwanza linalounguza. Subiri ishuke kidogo, ndipo uonje.

Kwa ya barafu, ongeza shira kwa robo, onja, halafu ongeza tena ikibidi. Lakini kama utamu umeshafika na tunda bado halionekani, usiongeze shira. Unakosa asidi au harufu. Hapo ndipo baridi inakuwa na faida: matone machache ya limau ndani ya shira, ambayo kwenye moto yangekata maziwa, hapa yanaamsha stroberi papo hapo. Unga wa matunda yaliyokaushwa kwa kugandishwa pia unafaa, kwa kuwa unaleta ladha bila maji. Chembe ya chumvi nayo inasaidia.

Kwa ya moto, sababu ya kwanza ya tunda kupotea ni kahawa iliyokaangwa hadi kukaribia weusi. Moshi na uchungu wake hukaa juu ya kila kitu. Chagua ukaangaji wa kati. Zipo pia kahawa zilizokaushwa zikiwa bado ndani ya tunda lake, ambazo zenyewe zina harufu ya bluberi au stroberi. Hizo zinabeba shira vizuri mno. Sababu ya pili ni kuchemsha shira muda mrefu mpaka harufu yote imekwenda na mvuke ukabaki na ladha ya jemu. Pika kwa moto mdogo, na hifadhi konzi ya matunda mabichi uitie mwishoni moto ukishazimwa, kabla ya kuchuja.

Ladha za kitindamlo zinazotegemea viungo vya kupasha mwili, kama tufaha na mdalasini, pichi na tangawizi, au ndizi na karameli, kwa maoni yangu ni za kikombe cha moto. Baridi inazizima. Stroberi na krimu ya jibini, rasiberi na chokoleti nyeupe, au embe na nazi hupendeza zaidi kwenye barafu. Unaweza kulazimisha kinyume, ila utakuwa unarekebisha kitu ambacho hakikuharibika.

Dalili: shira imekaa chini, juu ni kahawa tupu

Shira ni nzito kuliko maziwa, kwa hiyo huzama. Kwenye ya moto mtiririko wa maziwa huikoroga bila wewe kujua. Kwenye barafu vipande huizuia na inabaki kama tope chini ya glasi. Suluhisho ni mpangilio: shira na espreso ya moto kwanza, koroga mpaka ziwe kitu kimoja, kisha barafu, mwisho maziwa. Sukari ya punje usiitie kabisa kwenye kinywaji baridi, maana haitayeyuka yote.

Kama unataka tabaka kwa ajili ya picha, basi shira chini, barafu, maziwa, na espreso iliyopozwa iteremshwe juu ya mgongo wa kijiko. Ila mpe mnywaji kijiko na umwambie akoroge.

Dalili: rangi imegeuka kijivu au zambarau chafu

Wengi hudhani kinywaji kimeharibika, na mara nyingi hakijaharibika. Wekundu wa stroberi, rasiberi na bluberi unatoka kwenye anthosianini, rangi ambayo ni nyekundu ndani ya asidi na huelekea zambarau au buluu asidi inapopungua. Maziwa hupunguza ile asidi, kahawa inaongeza kahawia, na matokeo ni rangi ya saruji. Baking soda inazidisha jambo hilo, kwa hiyo angalia kama uliitia.

Kwenye ya moto hakuna la maana la kufanya zaidi ya kuficha: weka krimu juu na tunda jekundu juu ya krimu. Kwenye ya barafu acha tabaka za shira na maziwa zisichanganyike hadi wakati wa kunywa. Unga kidogo wa bitiruti hushikilia wekundu hata ndani ya maziwa, lakini joto huuchosha. Ni dawa ya upande wa baridi. Embe na pichi hazina shida hii kwa sababu rangi yake ni ya jamii nyingine, ileile ya karoti.

Dalili: povu linakufa, krimu inayeyuka

Maziwa ya moto yasiyotoa povu la kudumu mara nyingi yamezeeka, au yalipashwa mara mbili. Maziwa hupashwa mara moja tu. Ukitia shira ndani ya jagi kabla ya mvuke, asidi na sukari huvuruga povu. Itie kwenye kikombe. Kwa povu baridi tumia maziwa yaliyopunguzwa mafuta, yakiwa yametoka kwenye jokofu sasa hivi. Maziwa vuguvugu hayapigiki vizuri, kwani mafuta yake yameyeyuka nusu na yanapasua mapovu.

Krimu iliyopigwa itayeyuka kwenye kahawa ya moto, hilo halikwepeki. Unaweza kuchelewesha tu: krimu ya mafuta asilimia 30 au zaidi, bakuli baridi, na jibini laini kijiko kimoja ndani yake. Vipande vya biskuti viwekwe juu ya krimu na visiguse kahawa, la sivyo vinakuwa uji.

Dalili: uchungu usioeleweka

Onja espreso peke yake. Ikiwa chungu na imetoka polepole mno, saga kahawa kwa ukubwa zaidi kidogo. Ikiwa sawa, onja shira: utando mweupe chini ya ganda la limau au chungwa ni mchungu, na ukipikwa hauachi kitu salama. Ikiwa shira nayo ni sawa, yawezekana maziwa yalipita nyuzi 70 yakapata ladha ya kupikwa. Na kama kuna nanasi, papai au kiwi mbichi, jibu umeshalisoma juu.

Mambo ambayo hayana majaribio

Usipige kahawa ya moto ndani ya blenda iliyofungwa; mvuke unasukuma kifuniko na kumwaga kila kitu usoni. Usimimine espreso ya moto kwenye glasi iliyotoka kwenye friza. Glasi ya kawaida hupasuka.

Usiponde kokwa za pichi, aprikoti au cheri ndani ya shira ili kupata harufu ya lozi. Ndani yake kuna amigdalini, ambayo hutoa sianidi. Tumia kiini cha lozi kinachouzwa kwa kupikia. Balungi nalo, hata kwa kiasi kidogo, huingiliana na baadhi ya dawa, zikiwemo za kupunguza kolesteroli na za shinikizo la damu. Anayetumia dawa amuulize mfamasia kwanza. Mtu yeyote akivimba midomo, akiwashwa mwili au akipumua kwa shida baada ya kunywa, huo ni mzio na anapelekwa hospitali mara moja, wala si wakati wa kubashiri kama ni maziwa, lozi au stroberi.

Shira ya nyumbani ikae kwenye jokofu, kwenye chupa safi, na isizidi wiki mbili. Ikitoa mapovu, ikinuka pombe au ikiota ukungu hata kidogo, mwaga yote. Kuondoa ukungu wa juu hakusaidii.

Kuhusu mashine, kazi yako ni kusafisha: futa bomba la mvuke na upulize mvuke kila baada ya kupasha maziwa, safisha kichujio, ondoa chokaa kwa dawa iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine. Mvuke ukiwa dhaifu, mara nyingi matundu ya bomba yameziba kwa maziwa yaliyokauka. Mashine ikiwa imezimwa na kupoa, yazibue kwa pini. Zaidi ya hapo acha. Mashine inayokata umeme wa nyumba, inayonuka waya ulioungua, inayovuja maji chini, au inayotoa mvuke sehemu isiyostahili, izime, chomoa waya na usiifungue. Ndani kuna chombo chenye maji ya moto kwa shinikizo, na kinaweza kubaki na shinikizo hata baada ya kuzimwa. Ukimwita fundi, mweleze ilianza lini, iliwahi kuondolewa chokaa lini, na kama tatizo hutokea ikiwa baridi au baada ya kupata moto.